Kutazama mwezi Stockholm: Mshtarii iko juu, Suheli haipo

STOCKHOLM – Mwezi huu wa Januari 2026, mtu akitoka nje baada ya isha, awe Maskati, Unguja au huku Stockholm, ataona kitu kikubwa cheupe kinang'aa upande wa mashariki, kimetulia, hakimetimeti kama nyota nyengine. Ile si nyota. Ni sayari ya Mshtarii, na tarehe 10 ya mwezi huu ilikuwa mkabala kabisa na jua: jua likitua, yenyewe inachomoza, na inakesha angani mpaka asubuhi. Kwa watu wa Maskati, usiku wa manane inasimama karibu juu ya utosi. Unguja inapita upande wa kaskazini. Hapa Stockholm iko kusini, imepanda zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo mpaka utosini.

Jamaa wakinipigia simu kutoka Oman au Dubai huniuliza baridi. "Mwalimu, huko mnaishije?" Baridi ina koti, hiyo si habari. Habari ya huku ni anga. Mtu aliyezaliwa karibu na mstari wa Ikweta, akazoea jua kuchomoza saa kumi na mbili na kuchwa saa kumi na mbili mwaka mzima, akija huku kila kitu cha juu kimehama mahali pake. Na kwetu sisi Waislamu jambo hili si la starehe tu. Sala zetu, funga zetu na Idi zetu zimefungwa na jua na mwezi. Ramadhani hii hapa iko mlangoni, na mimi najua nyumba ngapi mjini humu zitakuwa na mzozo ule ule wa kila mwaka: mwezi umeonekana au haujaonekana?

Tuanze na jua, maana ndilo linalovuruga hesabu. Stockholm iko digrii 59 na kidogo kaskazini. Mwishoni mwa Disemba jua linachomoza saa mbili na dakika 44 asubuhi na kuzama saa nane na dakika 48 mchana. Ndiyo, saa nane mchana! Mtoto anatoka skuli magharibi imeshapita. Adhuhuri yenyewe jua liko digrii saba tu juu ya upeo, linachungulia baina ya majengo kama mtu anayedaiwa. Mwishoni mwa Juni mambo yanageuka: linatua saa nne na dakika chache usiku, linatoka saa tisa u nusu, na katikati yake giza la kweli halipo. Kutoka wiki ya mwisho ya Aprili mpaka baada ya katikati ya Agosti, jua halishuki digrii 18 chini ya upeo hata usiku wa manane, na hicho ndicho kipimo ambacho kalenda nyingi za sala hukitumia kwa alfajiri na isha. Ndiyo maana ratiba mbili za misikiti miwili zinaweza kutofautiana wakati wa kiangazi. Hakuna aliyekosea kusoma saa. Kila mmoja amechagua njia yake ya kukisia wakati ambao angani haupo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watoto hulipenda sana. Usiku wa baridi, mwezi mpevu unafanya kazi ya jua la kiangazi. Mwezi ukiwa mpevu unakuwa upande wa pili wa anga, mkabala na jua. Kwa hiyo jua likiwa chini kabisa Disemba na Januari, mwezi mpevu unapanda juu sana na kukaa muda mrefu, theluji inang'aa, unaweza kusoma kichwa cha gazeti nje bila ya taa. Juni ni kinyume. Tarehe 11 Juni mwaka jana mwezi mpevu ulipita hapa digrii mbili tu juu ya upeo, kwa sababu ya mzunguko wa miaka 18 na miezi kadhaa unaoutanua na kuubana mwendo wa mwezi kaskazini na kusini. Nyumba ya ghorofa moja ng'ambo ya barabara ilitosha kuuficha usiku kucha. Watu walisema hakukuwa na mwezi. Ulikuwepo, umeinama tu.

Sheria hiyo hiyo ndiyo inayoipandisha Mshtarii mwaka huu. Imo katika buruji la Jauza, mahali ambapo jua huwa mwezi wa Juni. (Nikitaja buruji nakusudia mahali pa angani. Wale wanaotaka kujua kama wataolewa mwaka huu waende kwa mwengine.) Sayari hii inazunguka jua kwa miaka 12 kasoro kidogo. Mwaka 2019 na 2020 ilikuwa chini kabisa huku, digrii saba nane, imezama kwenye moshi na taa za mji. Mtoto wa miaka kumi akiikosa sasa, ikirudi kuwa juu kiasi hiki atakuwa mtu mzima na watoto wake, pengine. Zohali nayo ipo jioni upande wa kusini magharibi, hafifu zaidi. Pete zake mwaka jana zilitugeukia kwa ubavu na sasa zinaanza kufunguka tena. Mirihi na Zuhura msiwatafute mwezi huu, wamejificha nyuma ya jua.

Turudi kwenye mwezi mwandamo.

Jumamosi ya tarehe 29 Machi 2025, karibu na saa sita mchana, jua la Stockholm lilimegwa. Kulikuwa na kupatwa kwa jua kwa sehemu, na watu walitoka mabustanini na miwani maalumu. Wajukuu wangu walikuwepo, na watoto wa jirani zetu Wasomali pia. Ilikuwa ni tarehe 29 Ramadhani kwa walioanza na Saudia na Oman. Jioni ile ile Saudia ikatangaza mwezi umeonekana, na Imarati vilevile, Idi Jumapili. Oman ikatangaza haukuonekana, Idi Jumatatu. Katika nyumba zetu za huku, kuna dada aliyepika biriani Jumapili na kaka yake, barabara ya pili tu, akawa bado amefunga. Simu zikawaka moto.

Mjukuu wangu wa kike, ana miaka kumi na moja, akaniuliza: "Babu, mchana mwezi ulikuwa mbele ya jua, sote tumeuona. Jioni utaonekanaje?"

Bwana, nimefundisha miaka mingi, swali kama lile unalipata mara moja kwa miaka mitano. Nikamjibu kwa hesabu, si kwa fatwa, maana mimi si mufti. Kupatwa kwa jua ndiyo saa hasa ya mwezi kuzaliwa. Toka hapo mwezi unaliacha jua kwa kadiri ya nusu digrii kila saa. Jua lilipotua Makka jioni ile, mwezi ulikuwa na umri wa saa nne na dakika arubaini hivi, umelikimbia jua digrii mbili tatu. Mwanafalaki wa Kifaransa André Danjon alionyesha karne iliyopita kwamba mwezi ukiwa chini ya digrii saba kutoka jua, ule ukingo unaong'aa haujiungi kuwa hilali. Hakuna cha kuonekana. Na kwa jicho tupu, hilali changa kabisa zilizothibitishwa zilikuwa na umri wa kiasi cha saa 15.

"Basi wale wameona nini?" Hapo nikanyamaza. Kila nchi ina utaratibu wake wa kupokea ushahidi na ina wanazuoni wake, na mtu wa kawaida anafuata jamaa ya mahali alipo. Lakini mtoto yule jioni ya Jumapili nilimchukua kwenye uwanja wa Järvafältet, huku kaskazini ya mji, karibu na mitaa ya Rinkeby, Tensta na Husby ambako watu wengi wa kwetu na wa Pembe ya Afrika wanaishi. Hilali ilikuwa juu ya miti, wazi, nyembamba kama ukucha, na ikakaa muda mrefu. Hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Watu wengi wanadhani Stockholm ni mahali pabaya pa kutazamia mwezi. Inategemea msimu. Miezi ya Februari, Machi na Aprili, njia ya mwezi na sayari inasimama wima jioni upande wa magharibi, kwa hiyo hilali inapanda juu mbali na jua na ni rahisi kuiona, mawingu yakiruhusu. Septemba na Oktoba njia ile inalala chini ukingoni mwa upeo, hata mwezi wa siku mbili unaweza kutua pamoja na jua na usiuone. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na sasa imo kwenye miezi ya bahati. Na sura yake pia ni nyengine. Unguja hilali inalala chali kama ngalawa. Huku inainuka, imeegemea ubavu. Bibi mmoja aliyekuja kutembelea watoto wake aliniambia mwezi wa huku "umesimama kama mtu aliyechoka kukaa". Sijaona maelezo mazuri zaidi katika kitabu.

Mji huu una historia yake katika mambo haya, nayo inatuhusu kuliko tunavyodhani. Karibu na Odenplan kuna kilima chenye bustani, na juu yake jengo la manjano lenye kuba. Ndiyo nyumba ya zamani ya kutazamia nyota ya Stockholm, iliyofunguliwa mwaka 1753. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Pehr Wargentin, mtu wa Jämtland, ambaye akiwa mtoto wa miaka kumi na mbili aliona kupatwa kwa mwezi akashikwa na elimu hiyo mpaka kufa kwake 1783. Kazi yake kubwa ilikuwa miezi minne ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Wargentin alitengeneza majedwali ya kueleza kila mwezi utaingia lini kwenye kivuli cha Mshtarii na kutoka lini. Mwezi wa ndani kabisa, Io, huingia kivulini kila baada ya saa 42 na nusu.

Kwa nini mtu ajitaabishe? Kwa sababu kivuli kile ni saa ya ukutani ya dunia nzima. Mtu wa Maskati na mtu wa Stockholm wakimwona Io anazimika, wamemwona kwa dakika moja. Kila mmoja akiangalia saa yake ya jua, ya Maskati itakuwa mbele kwa saa mbili na dakika arubaini na kitu. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa. Zidisha, utapata digrii 40 na nusu, na huo ndio umbali wa mashariki na magharibi baina ya miji miwili. Wapima ramani wa karne ile walizitengeneza ramani zao hivyo, na majedwali ya Wargentin yalikuwa yakitegemewa Ulaya. Leo darubini ndogo ya mguu mitatu na simu mbili zatosha kuirudia kazi ile baina ya babu wa Maskati na mjukuu wa Stockholm. Jaribuni Februari na Machi, kivuli kikishajitenga vizuri na sayari yenyewe. Wargentin amepewa shimo lake mwezini, ukingoni upande wa kusini magharibi, na ni la ajabu: mashimo yote ni mabakuli, lake limejazwa mpaka mdomoni kama sahani ya mkate wa kumimina.

Watazamaji wa kitaalamu walihamia Saltsjöbaden, nje ya mji, mwaka 1931, kwa kukimbia taa. Wapenzi wa kawaida wana chama chao, Stockholms Amatörastronomer. Siwajui watu wa kwetu wengi humo, na hilo linanisikitisha kidogo, kwa sababu zifuatazo.

Majina ya nyota wanayoyataja Waswidi ni yetu. Vega ni kipande cha an-Nasr al-Waqi', tai anayetua. Altair ni tai anayeruka. Deneb ni mkia. Rigel ni mguu, rijl. Fomalhaut ni mdomo wa samaki. Abdulrahman as-Sufi aliziandika nyota hizi katika kitabu chake mwaka 964. Na ile Aldebaran, nyota nyekundu ya baridi, ni ad-Dabaran, mfuasi. Anafuata nini? Anafuata Thurayya, na Thurayya ndiyo Kilimia yetu, kikundi kile cha nyota ndogo ambacho wazee wa Pwani walikitazama kujua msimu wa kulima. Kuna kina Thuraya wangapi katika familia zetu, Muttrah, Mombasa na Stockholm, ambao hawajapata kuonyeshwa jina lao angani? Januari hii limo juu kabisa baada ya isha. Mwonyesheni.

Halafu kuna Jaa na Suheli. Manahodha wetu walitumia maneno haya mawili kwa kaskazini na kusini, na yote mawili ni nyota. Jaa ni ile ya kaskazini isiyohama. Ahmad bin Majid wa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo, na wenzake wa karne ya 15 waliipima urefu wake kwa vidole na kwa kamali, kibao chenye uzi wa mafundo, wakajua wamefika bandari gani. Fanyeni hivyo kwa ngumi. Nyoosha mkono, ngumi moja ni kiasi cha digrii kumi. Maskati, Jaa iko ngumi mbili na kitu juu ya upeo. Stockholm ni ngumi sita, unavunja shingo. Unguja haipo, imezama chini ya bahari. Suheli ni kinyume. Watu wa Ghuba wanaisubiri mwisho wa Agosti kwa kuwa ikichomoza alfajiri joto linaanza kupungua. Unguja inapita juu vizuri. Huku Stockholm haitoki kamwe, hata ungesubiri maisha yako yote. Maskati tu, katika miji hii mitatu, ndiko unakoweza kusimama ukaziona zote mbili usiku mmoja. Kwa familia iliyotawanyika kama zetu, mimi naliona hilo ni jambo la kumwambia mtoto akiwa kwenye ndege.

Vifaa visiwatishe. Darubini ya macho mawili yenye maandishi ya 10x50 inatosha kwa mashimo ya mwezi, Kilimia, na ile miezi minne ya Mshtarii, ikiwa utaegemea ukuta mkono usitikisike. Huku baridi inaua betri ya simu kabla hujamaliza kusema bismillahi, basi iwekeni mfuko wa ndani. Ukitoka nje zima taa, subiri dakika ishirini macho yazoee. Na darubini isielekezwe kwenye jua hata siku moja, wala mtoto asiachiwe nayo kabla jua halijatua kabisa. Kiangazi kikija, kwa kuwa giza halipo, tunatazama mawingu ya usiku yanayong'aa kama lulu upande wa kaskazini, barafu tupu zaidi ya kilomita 80 juu. Zile nuru za kijani za kaskazini hufika Stockholm mara mojamoja jua likichafuka. Wanaozitaka kwa uhakika wanapanda treni kwenda juu kabisa ya nchi.

Tarehe za kuandika kwenye friji ni hizi. Tarehe 12 Agosti mwaka huu jua litapatwa jioni, Stockholm kwa sehemu kubwa, Hispania kamili. Tarehe 2 Agosti 2027 ndiyo ya watu wa Ghuba: kivuli kamili kitapita Jeddah na Makka mpaka Yemen, na Maskati mtaona kwa sehemu. Miwani nunueni mapema.

Lakini kwanza Ramadhani. Mwezi utazaliwa Jumanne tarehe 17 Februari saa saba mchana kwa saa za Stockholm, saa tisa alasiri Unguja, saa kumi jioni Maskati. Jioni ile kwa hesabu hakuna jicho litakaloukuta popote katika miji yetu, tangazo lolote litakalotoka. Jumatano tarehe 18 jua litatua hapa kabla kidogo ya saa kumi na moja jioni, na hilali itakuwa na umri wa zaidi ya saa 27, itakaa zaidi ya saa nzima baada ya jua. Zuhura itakuwa chini yake karibu na upeo, na jirani yake kabisa nukta ndogo ya Utaridi, sayari ambayo watu wengi wanakufa hawajaiona. Idi ndiyo itakuwa ngumu: jioni ya tarehe 19 Machi mwezi utakuwa na saa 13 tu Maskati, na 15 na nusu Stockholm, pale pale mpakani mwa jicho la binaadamu. Sisi tutakuwa Järvafältet jioni zote mbili, tumeelekea magharibi, na chai ya tangawizi kwenye chupa.